Safari Katika Theluji: Kurudi Nyuma si Aibu

Asubuhi ya mwezi wa Januari, kabla mawingu hayajapanda, mkulima wa Runyenjes au wa Chuka atokaye nje kwenda shambani huuona mlima wote ukiwa wazi, na juu yake weupe uking'aa kwa jua la kwanza. Waembu huuita Kirinyaa, Wameru huuita Kirimara, na majina yote mawili yanautaja weupe huo. Mkulima huyo ameuona tangu utoto wake. Baba yake aliuona, na babu yake pia. Lakini katika watu mia wa kijiji chake pengine hayupo hata mmoja aliyeishika theluji kwa mkono wake.

Siku hizi mambo yanageuka. Watoto wa mkulima huyo hupanda ndege Nairobi kwenda kusoma au kufanya kazi katika nchi za Ufini, Norwe na Uswidi, ambako theluji haikai juu ya mlima peke yake, bali hulala mlangoni mwa nyumba muda wa miezi mingi. Mzazi humpa mwanawe sweta moja zito, humwombea heri, naye kijana huondoka akidhani kwamba amekwisha kujiandaa. Yafaa basi mzazi na kijana wajue mapema namna watu wanavyosafiri katika theluji, na kwa nini wengine hawarudi.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba habari za theluji hazikuletwa katika nchi hii na wageni. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alikuwa Kitui katika nchi ya Wakamba. Tarehe 3 Desemba mwaka huo aliuona mlima kwa mbali. Naye alikuwa amepewa habari zake na watu wa Embu, walioishi karibu nao. Walimweleza kwamba watu hawapandi juu sana kwa sababu ya baridi kali, na kwa sababu kuna kitu cheupe kinachoporomoka kwa kishindo kikubwa. Krapf alifahamu mara moja kwamba kitu hicho ni theluji na barafu. Tena aliona ya kuwa mito itokayo mlimani haikauki wakati wa kiangazi kama ikaukavyo mito mingine ya nchi ile.

Habari hizo zilipofika Ulaya, wataalamu wengine walizicheka. Mmoja wao, William Desborough Cooley wa London, hakusadiki kwamba theluji yaweza kukaa katika nchi zilizo karibu na mstari wa Ikweta, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuwahi kufika huku. Ilipita zaidi ya miaka 30 kabla ya Joseph Thomson kuuona mlima huo kwa macho yake mwaka 1883 na kuthibitisha maneno ya Krapf. Mwaka 1887 Count Samuel Teleki alipanda hata akaipita miti na nyasi ndefu, asifike kileleni. Mwisho, tarehe 13 Septemba 1899, Halford Mackinder alifika juu ya Batian, penye mita 5,199, pamoja na viongozi wawili wa milimani kutoka Ulaya, César Ollier na Joseph Brocherel.

Vitabu vingi huwasifu watu hao waliofika juu, na sifa hiyo ni haki yao. Lakini na wale watu wa Embu wanastahili kusifiwa. Walifika mahali ambapo baridi ilizidi nguo walizokuwa nazo, wakasikia kishindo cha barafu, wakageuka, wakarudi nyumbani wazima, wakaeleza kweli yote waliyoiona. Mtu asiyejua theluji atasema kwamba waliogopa. Mtu aijuaye atasema kwamba walikuwa na akili. Ushahidi wa jambo hilo umo katika nchi za kaskazini zenyewe, kama itakavyoonekana mbele.

Ili kuelewa safari za kaskazini, yafaa kuanza na theluji iliyo karibu. Atakaye kuupanda mlima kutoka upande wa mashariki hupitia Chogoria. Njia hupanda katikati ya mashamba ya chai na kahawa, huingia msituni, hupita katika mianzi minene, na kufika kwenye lango la hifadhi, karibu mita 2,950 kutoka usawa wa bahari. Hapo baridi ya usiku inaanza kusikika. Siku zinazofuata msafiri hupanda kando ya bonde kubwa la Gorges, penye magenge marefu na ziwa la Michaelson chini kabisa, hata afike kambi ya Minto, karibu mita 4,200. Miti imekwisha. Pamebaki mimea ya ajabu yenye shina nene na majani yanayojifunga usiku kama ngumi, ili baridi isiuingie moyo wa mmea.

Safari ya mwisho ya kwenda kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, huanza usiku, yapata saa nane au saa tisa. Wageni wengi huuliza kwa nini waamshwe wakati wa baridi kupita wakati wote. Sababu ni mbili. Usiku mchanga na theluji hushikana kwa kuganda, na mguu hupata mahali pa kukanyaga. Jua likipanda, theluji hulegea na mawe huanza kuanguka. Tena mawingu hupanda kutoka mabondeni kabla ya adhuhuri, na aliye juu wakati huo huenda asiione njia ya kushukia. Hivyo kiongozi hupima kila kitu kwa saa. Ikiwa mgeni anachelewa mno, au anatapika, au kichwa kinamwuma hata hawezi kujibu vema, kiongozi mzuri wa Chogoria humwambia kwa upole, "Bwana, leo turudi. Mlima haundoki." Mgeni mwenye busara hutii. Mgeni mwenye kiburi husema amelipa fedha nyingi na kwamba kilele kiko karibu. Huyo wa pili ndiye anayewapa wapagazi kazi ya kumbeba.

Basi mtu wa Meru au Embu anayekwenda Ufini atakuta theluji ile ile, ila taratibu zake ni nyingine. Hapa mlimani jua huchoma mchana, na maji huganda usiku, kila siku ya mwaka. Kule kaskazini baridi haiji kwa usiku mmoja. Ni majira kamili. Na mwanga nao huondoka. Huku kwetu, karibu na Ikweta, mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima. Katika mji wa Helsinki mwezi wa Desemba mchana ni wa saa sita tu. Katika Utsjoki, kaskazini kabisa mwa Ufini, jua huzama mwishoni mwa mwezi wa Novemba lisionekane tena kwa siku zipatazo 50, hata katikati ya Januari. Na baridi kubwa iliyopata kupimwa nchini humo ilikuwa digrii 51.5 chini ya sufuri, kijijini Pokka katika wilaya ya Kittilä, tarehe 28 Januari 1999. Baridi ya mlimani usiku, ambayo humfanya mpagazi atetemeke katika hema, ni ndogo ikilinganishwa na hiyo.

Hata hivyo watu wa huko huenda sokoni, shuleni na kazini kila siku. Wazee wao walianza zamani sana. Katika mahali paitwapo Kalvträsk, nchini Uswidi, ilipatikana matopeni mbao ya kutelezea juu ya theluji, yaani skii, yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Mtu asiye na skii huzama katika theluji laini hata magotini, na kwa muda mfupi nguvu zote humwishia. Mwenye skii uzito wake hugawanyika juu ya mbao mbili ndefu, naye hupita juu bila kuzama. Wasami, ambao ni wenyeji wa kaskazini kabisa, walitumia pia wanyama waitwao reindia, wenye pembe kama matawi ya mti, kuburuta magari yasiyo na magurudumu. Siku hizi wengi wao huwafuata wanyama wao kwa pikipiki za theluji.

Barabarani kazi hufanywa kwa utaratibu mkali. Sheria ya Ufini yataka motokaa iwe na matairi ya majira ya baridi tangu Novemba hata mwisho wa Machi, hali ya hewa au ya barabara ikidai hivyo; sheria ya Uswidi yataka hivyo hivyo tangu tarehe 1 Desemba hata tarehe 31 Machi, barabara ikiwa na theluji au barafu. Matairi mengine hutiwa misumari mifupi ya chuma ili yashike barafu. Nchini Ufini mwendo unaoruhusiwa hupunguzwa wakati wa baridi: barabara kuu zilizoruhusu kilomita 120 kwa saa hushushwa hata 100, na nyingi zilizoruhusu 100 hushushwa hata 80. Usiku, watu wakiwa wamelala, mashine kubwa hupita zikisukuma theluji kando. Chumvi humwagwa ili kuyeyusha barafu, lakini baridi ikizidi sana chumvi haifanyi kazi, na hapo hutumiwa changarawe. Kando ya barabara husimamishwa fito ndefu, ili dereva aone mwisho wa barabara hata theluji ikiifunika yote.

Katika milima ya Norwe kuna desturi inayostahili kukumbukwa. Upepo unapopeperusha theluji hata mtu asione mbele, barabara hufungwa kwa kizuizi. Dereva hawezi kupita kwa kudai kwamba yeye ni hodari, wala kwa kuwa gari lake ni jipya. Magari hungoja, kisha hupangwa safu moja nyuma ya mashine ya kusukuma theluji, nayo huyaongoza polepole mpaka upande wa pili. Hakuna aruhusiwaye kutoka katika safu wala kugeuza gari peke yake. Kabla ya kuanza, kila dereva lazima awe na nguo nzito na mafuta ya kutosha garini. Na hali ikizidi kuwa mbaya, hata safu hiyo haiendi. Watu hulala mahali walipo.

Reli nayo ina vita vyake. Reli ya kutoka Oslo kwenda Bergen ilifunguliwa yote mwaka 1909, na kituo chake cha juu kabisa, Finse, kiko mita 1,222 kutoka usawa wa bahari. Msomaji asiyejua ataona kwamba si juu sana, maana reli ya kwenda Uganda hupita Timboroa penye zaidi ya mita 2,700, ambako reli haifunikwi na theluji kamwe. Lakini Finse iko mbali sana kaskazini, na theluji yake ni nyingi hata sehemu za reli zilijengewa mapaa, na mashine za kusukuma theluji huwekwa tayari. Urefu wa mahali peke yake hautoshi kumwambia mtu baridi yake. Lazima aulize na umbali wake kutoka Ikweta.

Maziwa nayo huganda, na watu hupita juu yake kwa miguu, kwa skii, na mahali pengine hata kwa motokaa. Jambo hilo humshangaza sana mgeni, naye akiona watu wakivua samaki katikati ya ziwa hudhani kwamba ziwa lote ni imara. Sivyo. Penye mkondo wa maji, chini ya daraja, na karibu na mdomo wa mto, barafu huwa nyembamba hata kama pengine ni nene. Huko Uswidi hushauriwa kwamba mwenda kwa miguu asipite juu ya barafu ngumu mpya isiyofika unene wa sentimita 10, na asiende peke yake. Wenyeji huvaa shingoni vishikio viwili vyenye ncha za chuma, ili mtu akizama avichome katika barafu na kujivuta nje. Mgeni asiyekuwa navyo, na asiyekuwa na mwenyeji wa kumwongoza, mahali pake ni ukingoni.

Sasa yaja mambo ya mwili, na hapo ndipo vijana wengi hukosea. Sweta moja zito halitoshi. Nguo nyepesi mbili au tatu zilizovaliwa moja juu ya nyingine hushinda nguo moja nene, kwa sababu hewa iliyo katikati yake ndiyo inayozuia joto lisitoke. Ya ndani kabisa yafaa iwe ya sufu. Pamba ikilowa jasho hukaa baridi juu ya ngozi. Ya nje izuie upepo. Viatu visibane, maana mguu uliobanwa haupati damu ya kutosha, na mguu usiopata damu huganda kwanza. Kofia ifunike masikio. Simu iwekwe mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa kuwa baridi huidhoofisha betri yake, na msafiri atakayehitaji msaada ataikuta imezimika. Katika Ufini na Uswidi namba ya kuomba msaada wa haraka ni 112.

Baridi ina dalili zake, na kila msafiri azijue kwa ajili ya mwenzake, maana mgonjwa mwenyewe huwa hajui. Kidole, pua au sikio likigeuka rangi na kukosa fahamu, nyama imeanza kuganda. Katika ngozi nyeusi rangi hiyo yaweza kuwa ya majivu badala ya weupe, hivyo kutosikia chochote ndiyo dalili ya kutegemea zaidi. Mahali hapo pasisuguliwe, wala pasipakwe theluji kama wengine wanavyodhani; pafunikwe, pawekwe kwapani au katika maji ya vuguvugu, na mgonjwa aende kwa daktari. Ya hatari zaidi ni baridi ya mwili mzima. Mtu hutetemeka sana, kisha maneno yake huvurugika, hujikwaa, hutaka kuketi na kulala. Kutetemeka kukikoma naye bado yuko nje, wenzake wasifurahi. Ni dalili kwamba mwili umeanza kushindwa. Na pombe ni adui. Humfanya mtu ajisikie ana joto, na kumbe damu imekimbilia kwenye ngozi ikipoteza joto la ndani. Mtu aliyelewa akiketi kando ya njia usiku wa Januari katika nchi hizo, huenda asiamke.

Kuna hatari moja ambayo kijana wa Meru anaijua tayari, ingawa kwa sura nyingine. Gari likikwama katika theluji huku injini ikiendelea, theluji ikaziba bomba la moshi, hewa ya sumu huingia ndani, haina harufu wala rangi, nayo huwaua waliomo wakiwa wamelala. Ni hewa ile ile itokayo katika jiko la makaa ambalo watu wa Meru na Embu huliingiza chumbani katika baridi ya mwezi wa Julai na kufunga madirisha. Jamaa wangapi wameamkia msiba kwa sababu hiyo! Aliyefundishwa kwao kulitoa jiko nje kabla ya kulala, amekwisha kufundishwa nusu ya somo la kaskazini.

Na kuna jambo dogo ambalo lingefaa lingeigwa huku. Nchini Ufini atembeaye barabarani gizani hutakiwa na sheria avae kitu kinachorudisha mwanga wa taa za motokaa. Ni kipande kidogo cha plastiki, chaning'inia kwenye koti, bei yake si kitu. Dereva humwona mtu huyo kwa mbali sana kabla ya kumfikia. Wale wanaotembea alfajiri kando ya barabara ya Embu kwenda Meru wakipeleka maziwa wangehitaji jambo hilo hata pasipo theluji.

Ipo habari ya Mkenya mmoja aliyekwenda kujifunza theluji, nayo ina mafundisho. Philip Boit, mwanariadha wa upande wa Eldoret, alipelekwa Ufini mwaka 1996 kujifunza mashindano ya skii, yeye ambaye hakuwa ameijua theluji. Mkimbiaji hodari wa mita 800 alianguka kama mtoto anayejifunza kusimama. Hakuona haya, aliinuka, akaanza tena. Mwaka 1998 alishindana huko Nagano, Japani, katika michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, kilomita 10. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza wa mwisho, wa 92, dakika 20 baadaye. Lakini Dæhlie, aliyekuwa amekwisha kupata dhahabu, alimngoja pale mwisho wa njia ili amkumbatie. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na yeye mwenyewe akashiriki tena Olimpiki mwaka 2002 na mwaka 2006. Bingwa wa theluji hakumcheka mwanafunzi wa theluji, kwa kuwa alijua ugumu wa kile alichokuwa akijifunza.

Inabaki kueleza neno lililoahidiwa hapo juu kuhusu watu wa Embu. Wanorwe huipenda milima yao sana, na wakati wa Pasaka hutoka mijini kwa maelfu kwenda kutembea kwa skii. Kwa sababu ya ajali zilizotokea, mwaka 1952 chama chao cha watembezi pamoja na Msalaba Mwekundu walitunga kanuni za mlimani. Pasaka ya mwaka 1967 watu 18 walikufa, na tangu hapo kanuni hizo zilitangazwa kwa nguvu hata zikajulikana nchi nzima. Siku hizi ni tisa. Zamfundisha mtu aipange safari yake na kuwaambia wengine aendako. Aangalie hali ya hewa. Ajiandae kwa dhoruba na baridi hata kama safari ni fupi. Achukue ramani na dira. Na mengine ya namna hiyo. Lakini ile inayokumbukwa na kila Mnorwe, mkubwa na mdogo, yasema kwamba mtu ageuke mapema, maana kurudi nyuma si aibu.

Taifa lililozaliwa katika theluji, lenye skii na mashine na reli, lilihitaji kuwazika watu wengi kabla ya kuiandika kanuni hiyo na kuifundisha shuleni. Wale watu wa Embu waliozungumza na Krapf mwaka 1849 walikuwa wameifuata tayari, bila kuandikiwa na mtu.

Na weupe wenyewe wa mlima unapungua. Mwishoni mwa karne ya 19 zilihesabiwa barafu 18 juu ya Kirinyaga, nyingi zimetoweka. Barafu kubwa kuliko zote, iitwayo Lewis, kati ya mwaka 1934 na mwaka 2010 ilipoteza sehemu tisa katika kumi za ujazo wake. Maji ya mito ya Embu na Meru hutoka zaidi katika mvua inayoshikwa na msitu kuliko katika barafu hiyo, hivyo mkulima asikate tamaa, bali aulinde msitu. Lakini huenda wajukuu wake wakauona mlima ukiwa mweusi sehemu kubwa ya mwaka, na kama watataka kuijua theluji itawalazimu waifuate kaskazini.

Mzazi anayemwaga mwanawe uwanja wa ndege Nairobi anaweza kumpa sweta, na fedha, na baraka. Ampe na hilo neno la Embu pia. Siku dhoruba itakapomkuta kijana huyo njiani, na nyumba ya rafiki iko mbele kilomita mbili, na kituo cha basi kiko nyuma mita mia, atakuwa peke yake gizani na hapatakuwa na mtu wa kumshauri. Akikumbuka kwamba kurudi nyuma si aibu, atapiga simu kesho yake, na mama yake atapokea.